Nimetumia utando wa kubandua wa First Contact kwenye lenzi na vioo vya darubini, haya ndiyo niliyoyaona

Nimeshika mkononi kipande cha utando mwekundu, chembamba kama ganda la kitunguu, mduara kamili wa lenzi nilikoubandua dakika chache zilizopita, na nikiuelekeza kwenye taa naiona alama ya kidole gumba, mistari yote ya ngozi, imehamia humu. Kwenye lenzi hamna kitu. Hiyo alama ilikaa pale kama miaka miwili na kila nikiiona roho inaniuma, maana mafuta na chumvi ya kidole vikikaa sana vinaanza kula tabaka la juu la lenzi, lakini nilijua vilevile nikikosea kufuta naacha mkwaruzo ambao hautoki tena. Leo imetoka na sijasugua hata mara moja.

Basi wadau, hii ni rivyu ya First Contact, ile polima ya majimaji ya Photonic Cleaning Technologies ya Marekani, unaipaka kwenye kioo kwa brashi, unaiacha ikauke inakuwa utando kama plastiki laini, halafu unaubandua unatoka na uchafu wake. Nimeitumia kama mwaka sasa, kwenye kioo kikuu cha darubini ya milimita 200, lenzi mbili za kamera za zamani, filta kadhaa na prizma moja niliyoitoa kwenye hadubini, kwa hiyo nina cha kusema. Sijapewa bure na sijatumwa na mtu.

Kwanza niseme kwa nini kitu kama hiki kinahitajika, maana nikiwaambia watu nasubiri utando ukauke saa nzima ndio nisafishe lenzi moja wananiuliza si uchukue kitambaa ufute yaishe. Kufuta ndiko kunakoua lenzi, vumbi lenyewe halina shida kubwa hivyo. Ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga wa kwatzi, na kwatzi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 7, kioo cha kawaida kiko kama 5.5 hadi 6, na alumini inayopakwa kwenye kioo cha darubini haifiki hata 3. Sasa ukiibana chembe hiyo kati ya kitambaa na kioo halafu ukaisukuma, umeshachora mstari. Na mstari huo unaanza kwenye kotingi, lile tabaka linaloipa lenzi rangi ya zambarau au kijani ukiiangalia kwa upande, ambalo likiwa la magnesiamu floraidi la tabaka moja unene wake ni kama nanomita 100 hivi, wakati unywele wa kichwani ni makumi ya maelfu ya nanomita. Hilo tabaka Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, alilibuni mwaka 1935 ili lenzi isipoteze ile asilimia 4 hivi ya mwanga inayorudi nyuma kila mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kitupu, na lenzi yenye vioo vingi ndani bila hilo tabaka picha inapauka kabisa. Shati lako linaweza kulimaliza.

Mjomba wangu alikuwa na darubini ya mikono ya zamani, nzuri sana, na aliipenda kweli, kila jioni kabla ya kuirudisha kwenye mfuko wake anaipulizia pumzi ya mdomo halafu anafuta kwa pindo la shati, miaka na miaka. Aliponipa nikamulika tochi kwa upande nikaona lenzi ya mbele imejaa mistari midogo midogo ya kuzunguka, imesukana kama nyumba ya buibui, na pale katikati kotingi imekwisha, pamebaki kioo kitupu. Usiku ukiangalia taa kila taa ina ukungu kuizunguka. Ile darubini haikuanguka wala haikuingia maji. Zile lenzi za zamani kotingi zake zilikuwa laini kuliko za siku hizi, na mjomba hakuwa na mtu wa kumwambia. Hadi leo naiweka mezani pangu, na nikishika lenzi ya mtu huwa naiangalia kwanza.

Mimi mwenyewe nilishaharibu ikpisi moja, ile lenzi ya darubini unayoweka jichoni, kwa kitambaa cha maikrofaiba. Kitambaa kilikuwa safi kwa macho, kimekunjwa vizuri, kumbe kilishawahi kuanguka sakafuni kikaokota chembe. Nilipita mara moja tu, nikasikia ule mguso wa kukwaruza kwenye ncha ya kidole, na nilivyousikia nikajua tayari. Tangu siku hiyo sipangusi kioo kikavu, hata iweje.

Kwa hiyo kabla ya kupata hii polima nilikuwa na njia zangu mbili na bado ninazo. Ya kwanza ni blowa ya mpira ya kubonyeza kwa mkono, unainamisha lenzi iangalie chini ili vumbi likitoka lianguke, sio lirudi. Zile kopo za hewa zenye mgandamizo siziamini, ukiliinamisha kopo linatema majimaji ya gesi yenye baridi kali na yanaacha doa, na baridi ya ghafla kwenye kioo sio kitu cha kuchezea. Njia ya pili ni karatasi ya lenzi na alkoholi safi ya aisopropili, ile ya asilimia 99, unatandika karatasi juu ya kioo, unatonesha tone moja, karatasi inalowa na kushika kioo, halafu unaivuta taratibu kwa uzito wake yenyewe bila kubonyeza kwa kidole, ukifika mwisho unaitupa, upande uleule hurudii. Hii kwenye filta na kioo bapa inafanya kazi vizuri sana. Ila kwenye lenzi yenye tumbo kubwa, au iliyozama ndani ya fremu, karatasi haifiki pembeni, inaacha duara la uchafu kuzunguka ukingo na ndipo mtu anashawishika kuchukua pamba ya kijiti aanze kusugua kona. Hapo ndipo huu utando unapofanya kazi ambayo vingine haviwezi, kwa sababu unapakwa ukiwa majimaji, unaenda mpaka unapoupeleka.

Chupa ndogo inafanana na ya rangi ya kucha, mfuniko una brashi yake ndani, na kuna vijikanda vya kubandulia. Ipo nyekundu na ipo isiyo na rangi. Chukua nyekundu kama ndio unaanza, unaona wazi wapi umepaka na wapi bado, na ukishabandua unaona kama kuna kipande kimebaki, ile isiyo na rangi ikibaki kwenye ukingo unaweza usiione mpaka usiku uko nje na darubini. Harufu ni kali, ni viyeyusho na vinashika moto, kwa hiyo dirisha wazi, hamna jiko wala sigara karibu, na usiinamie pale ukavuta ile hewa.

Jaribio la kwanza nilifanya kwenye filta ya zamani isiyo na kazi, na nawashauri wote mfanye hivyo. Nilipaka kwa kubana, nikidhani kidogo kinatosha kama mtu anavyopaka vanishi, nikasubiri, nikaanza kubandua ukakatika. Kipande kikaja, kingine kikabaki, pembeni kukawa na vijinyuzi vimeshika. Kosa lilikuwa langu, utando ukiwa mwembamba hauna nguvu ya kujivuta wenyewe. Nilichofanya nikapaka tena juu ya yale mabaki, nene safari hii, na polima mpya inayeyusha ya zamani zinakuwa kitu kimoja, ukikauka unabandua vyote pamoja. Hicho ndicho kilichonifanya niuamini, kwamba ukikosea hulazimiki kukwangua, unapaka tena.

Siri yote iko kwenye unene na kwenye ukingo. Brashi isiguse kioo kama unasugua, unatengeneza kidimbwi katikati, halafu unakisukuma hicho kidimbwi kwa brashi kwenda pembeni, nywele za brashi zinaelea juu ya maji hazigusi chini. Ukingoni ndio uongeze unene zaidi maana ndipo unapoanzia kubandua na ndipo panapokatika. Na acha nafasi ndogo sana kabla ya fremu, usiruhusu maji yaingie kwenye ule mwanya kati ya lenzi na pete yake, yakiingia yanakauka humo yanakuwa kama gundi na kuyatoa ni kazi, na kama ni lenzi mbili zilizoshikanishwa kwa gundi sitaki kabisa kiyeyusho kifike kwenye kile kiungo chake. Kijikanda unakibandika ukingoni wakati bado mbichi, kinakaukia humo, ndio kinakuwa mkono wako wa kuvutia.

Kabla ya kupaka piga blowa kwanza. Utando unanasa vumbi lililolegea bila shida, lakini kama kuna chembe kubwa ya mchanga sitaki hata brashi ikutane nayo. Na mimi huchagua siku kavu, viyeyusho vikiruka vinapoza kioo na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji yanaweza kujikusanya pale pale unapofanyia kazi.

Kioo kikuu cha milimita 200 ndicho kilichonipa hofu kuliko vyote. Kilikuwa hakijaguswa miaka kadhaa, kina vumbi, kina madoa ya umande uliokauka, na kwenye kona moja kuna alama za vidole vitatu vya mtu aliyekishika bila kujua ni nini. Kile ni kioo chenye alumini juu, upande wa mbele, sio kama kioo cha kujitazamia ambacho rangi iko nyuma ya glasi inalindwa. Alumini yenyewe ni tabaka la nanomita 100 hivi na juu yake kuna kinga nyembamba ya silika. Nilipaka nusu nzima ya siku moyo ukienda mbio, maana chupa ya brashi ni ndogo kwa eneo kama lile, na hili ni la kujua mapema, kwa kioo kikubwa unahitaji chupa kubwa au ya kupuliza, ukitumia brashi ndogo sehemu uliyoanzia inaanza kukauka kabla hujafika upande wa pili na unapata mabonde na vilima. Nikaacha usiku kucha kwa usalama. Asubuhi nikashika kijikanda, nikavuta kwa pembe ya chini, karibu ulale juu ya kioo, mwendo mmoja bila kusita, na sauti yake ni ile ya kuchana karatasi laini polepole. Ukaja mzima. Chini yake kioo cheusi. Nasema cheusi kwa sababu kioo cha darubini kikiwa safi kweli huoni uso wake kabisa, unaona tu kile kinachoakisiwa, na kwangu ilikuwa dari yenye kivuli.

Lakini sekunde kama kumi baadaye nikaona vumbi linashuka juu yake kama limeitwa. Hili watu wengi hawalisemi. Ukibandua utando wowote wa plastiki kwenye kioo unaacha umeme tuli, kioo kinakuwa na chaji na kila unyuzi unaoelea chumbani unakifuata. Nilikuwa nimefanya kazi yote ile halafu nasimama nikiangalia manyoya ya sweta yangu yakitua. Dawa yake kubwa ni mashine inayopuliza hewa yenye ayoni, yaani chembe zenye chaji, wakati unabandua, inaondoa chaji, ila kwa mtu wa nyumbani unaweza kupunguza sana kwa kufanya hivi: chumba kisifagiliwe siku hiyo, feni izimwe, nguo ya pamba sio sufi wala sintetiki, kioo kikae wima au kikiinamia chini wakati unabandua, na kifuniko kiwe mkononi tayari. Safari ya pili nilifanya hivyo na tofauti ilikuwa kubwa mno.

Hao wenye mashine za ayoni ndio walionishawishi kununua, kwa kweli. LIGO, wale watafiti wa Marekani waliosikia mawimbi ya mvutano kutoka angani kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015, wanatumia hii hii First Contact kwenye vioo vyao vikubwa, na wanabandua huku wanapuliza naitrojeni yenye ayoni. Kioo kimoja kikuu pale ni silika safi ya kilo 40, upana wa sentimita 34, na kati yake na mwenzake kuna kilomita 4 ambamo leza inakwenda na kurudi mpaka nguvu inafika mamia ya kilowati. Kwenye mwanga wa namna hiyo chembe moja ya vumbi inakunywa joto, inaungua, na inachoma kotingi iliyo chini yake. Nikasema kama wao wameruhusu hiki kitu kiguse kile kioo, filta yangu ni nani. Utando ule ule wanauacha juu ya kioo wakati wa kukisafirisha na kukifunga mahali pake, wanautoa dakika za mwisho, na hiyo matumizi ya pili nitairudia chini maana kwangu imekuwa na faida kuliko hata ya kwanza.

Sasa matokeo. Nilimulika tochi kwa upande kwenye chumba cha giza, kabla na baada. Alama za vidole zimeenda zote. Vumbi limeenda. Madoa ya umande mengi yameenda ila mawili yamebaki na kivuli hafifu, nadhani pale chumvi ilishaanza kula. Na hapa niwe mkweli kabisa: utando unatoa kile kilicho juu ya kioo, hautengenezi kilichoharibika. Baada ya kioo kuwa safi ndipo nikaona vitundu vidogo vidogo kwenye alumini, vimejaa upande mmoja kama nyota, ambavyo kwanza nilidhani ni vumbi. Hivyo ni alumini imetoka, dawa yake ni kupakwa upya kwenye chemba ya ombwe. Vivyo hivyo lenzi moja ya kamera ilikuwa na kuvu, ile mizizi ya buibui ukimulika, utando ukaondoa kuvu wenyewe lakini mchoro wake umebaki umechorwa kwenye kotingi kwa asidi. Ukisoma mtu anasema inafufua lenzi zilizokufa usimsikilize.

Pia kuna pahali sithubutu kuipaka na nawasihi msithubutu. Lenzi za plastiki, achana nazo, viyeyusho vya namna hii na akriliki au polikaboneti ni maadui, soma kwanza kama wameandika aina yenyewe inafaa plastiki. Kioo cha zamani ambacho tabaka lake limeshaanza kuinuka au kuchubuka ukingoni, ukibandua utando utaondoka na alumini, kwa hiyo angalia ukingo kwa lensi ya kukuzia kabla hujafungua chupa. Vile vioo vya utando mwembamba sana vya kugawanya mwanga, ambavyo unene wake ni mikromita chache tu, hata blowa ya karibu inavipasua, hivyo ni kufunika tu na kuomba. Greti ya kutawanya mwanga, yenye mistari mamia kwa milimita moja, ukiigusa kwa kidole mara moja imekwisha, na mimi hata kwa polima siipaki bila mwenye kuitengeneza kusema inawezekana. Dhahabu tupu isiyo na kinga nayo naiweka kundi hilohilo. Na sensa ya kamera sijagusa na sitagusa.

Mtu ataniuliza, je kwa kioo cha darubini si ningeosha tu kwa maji? Ndio, na mara nyingi hiyo inatosha, sitaki mtu anunue chupa hii akidhani hana njia nyingine. Kioo kikuu ukikitoa kwenye fremu, ukakisuuza kwa maji mengi ya vuguvugu ili mchanga uondoke kwanza, kisha tone la sabuni ya vyombo isiyo na manukato wala mafuta ya ngozi, pamba safi iliyolowa ikivutwa kwa uzito wake bila mkono kubonyeza, na mwisho kabisa maji distildi yasiyo na chumvi, ukakisimamisha kikauke, kinatoka vizuri mno. Pete za vidoleni vua kabla. Mimi nauchagua utando pale kioo kisipoweza kutoka kwenye fremu, au kuna alama ya kidole iliyokauka ambayo ingetaka kusuguliwa, au ni kitu kidogo cha thamani kama prizma ile ya hadubini ambayo kuilowesha ni kuleta balaa kwenye gundi.

Na jingine ambalo lazima nilitamke kwa nguvu: usisafishe mara kwa mara. Vumbi kidogo kwenye kioo cha darubini linapunguza mwanga kidogo sana kwa sababu linafunika eneo dogo sana, na kila ukisafisha kuna hatari, hata ukiwa na mkono mzuri vipi. Kule kwenye baadhi ya darubini kubwa za dunia wanapuliza theluji ya kaboni dayoksaidi kwenye vioo ili kuokota vumbi bila kugusa. Vioo vyangu navigusa baada ya mwaka au miwili, na kabla ya hapo ni blowa na kifuniko.

Nirudi kwenye ile faida ya pili. Mwezi wa tatu ndio niligundua naweza kuuacha utando pale pale. Nilikuwa na filta na vioo viwili vidogo vya mshazari ambavyo havitumiki kwa miezi, nimeviweka kwenye visanduku na kila nikifungua navikuta na ukungu na vumbi la sponji ya ndani, ile sponji nyeusi ikizeeka inavunjika vunjika inakuwa unga unaonata. Nikapaka, nikaacha ukauke, nikafunga sanduku na vipakiti vya silika jeli, unyevu nikauweka chini ya asilimia 50, maana ukizidi 60 au 70 kwa muda mrefu kuvu unajisikia nyumbani. Baada ya miezi minne nikafungua, utando juu umejaa ule unga mweusi, nikabandua, kioo kiko kama siku niliyokifunga. Na ikitokea kidole kimeteleza wakati nakipanga kwenye fremu, kimegusa utando, hakijagusa kotingi. Kitu kama hicho hakuna kitambaa wala dawa ya kupuliza inayoweza kukupa. Kwa lenzi inayosafiri kwenye boksi ni hivyo hivyo, mtikisiko wote wa njiani chembe zinasagana na utando.

Malalamiko yangu sio mengi. Chupa ya brashi ni ndogo na ukiifungua fungua viyeyusho vinaruka, inakuwa nzito kama asali na nzito sana haisambai vizuri, kwa hiyo funga mara moja kila unapochovya na usiiache wazi ukiwa unapiga stori. Kusubiri kukauka kunachosha, usijaribu kuharakisha kwa kikausha nywele, upepo wake unapuliza vumbi ndani ya polima mbichi na ukavu unakuja juu tu chini kumebaki maji. Umeme tuli niliousema wanapaswa kuusisitiza zaidi kwa watu wa nyumbani. Na kwenye lenzi ndogo zilizozama kama ikpisi fupi, kubandua bila kijikanda kirefu ni mateso, pale naendelea na karatasi na alkoholi.

Nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeishikilia kwa sababu ya ukubwa wa chupa. Wiki ijayo nataka kuijaribu kwenye ile lenzi ya mbele ya mjomba. Mikwaruzo najua haitoki, nimeshasema. Ila kuna mafuta yake ya vidole bado ukingoni, pale shati lilikuwa halifiki, na kabla sijayabandua nitamwita aje aangalie kwa tochi yeye mwenyewe, kisha tubandue pamoja.